Majani Yanayoanguka kwa Wakati Wake

Katika nchi za Ulaya mwaka hugawanyika katika majira manne: majira ya kuchipua, majira ya joto, majira ya kupukutika kwa majani, na majira ya baridi. Yale ya tatu huanza tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku zikiwa karibu sawa, nayo huisha katika Desemba. Siku hufupika, miti ya misitu hugeuka rangi, kisha husimama mitupu. Hata hivyo, watu wengi wa nchi hizo, wakiulizwa ni majira gani wayapendayo kupita yote, hujibu: ni haya. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Je, ni haki mtu kupenda wakati ambapo vitu hufifia na kuanguka?

Wengine hujibu upesi kwamba sababu ni uzuri wa rangi. Ni kweli kwamba katika vilima vya Ardennes, kusini ya Ubelgiji, msitu mzima huwaka kama moto usiounguza, kwa rangi ya manjano, nyekundu na kahawia. Wengine husifu ubaridi mpole unaokuja baada ya joto. Wengine hutaja chakula, kwani ndio wakati wa matofaa, viazi, zabibu na uyoga. Sababu hizo ni njema, lakini hazitoshi. Majira ya kuchipua nayo yana maua, na majira ya joto yana matunda. Iko sababu nyingine ya ndani zaidi, na mti wenyewe waionyesha.

Atazamaye kijuujuu hudhani kwamba jani huuawa na baridi. Sivyo, mti wenyewe ndio unaoliacha. Siku zinapofupika, mti huanza kuivunja ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo kwayo jani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Vitu vingi vyenye faida vilivyomo ndani ya jani huvutwa na kuwekwa akiba katika matawi, shina na mizizi. Hapo rangi ya manjano huonekana. Nayo haikuja upya. Ilikuwamo tangu mwanzo, ila kijani kiliifunika. Kisha mti hufanya ukuta mwembamba penye kikonyo cha jani, na jani huanguka bila kuacha jeraha wazi. Tena, machipukizi ya mwaka ujao yamekwisha kuumbwa, nayo yamelala katika maganda yao madogo kabla jani la zamani halijaanguka. Basi huko si kufa. Ni kuweka akiba, na kuacha kilichomaliza kazi yake.

Na mti usioacha kwa wakati hupatwa na nini? Tarehe 29 Oktoba 2011, kaskazini-mashariki ya Marekani, theluji nzito ilianguka mapema, miti mingi ikiwa ingali imevaa majani. Majani yakaishika theluji, uzito ukazidi, matawi yakavunjika na kuangukia nyaya. Nyumba na maduka zaidi ya milioni 3 yakakosa umeme. Mti uliokwisha kupukutisha majani yake hauelemewi hivyo, maana theluji nyingi hupita katikati ya matawi yake.

Lakini mtu aweza kupinga, akisema kwamba majira hayo hupendwa na wenye ghala zilizojaa tu. Ni neno la haki. Zamani wakulima wa Ulaya walichinja nguruwe katika Novemba na kuitia nyama chumvi, kwa kuwa malisho hayakutosha kuwalisha wanyama wote wakati wa baridi. Mwenye akiba aliyatazama majani yakianguka, akakaa kwa amani. Asiye na nafaka wala kuni aliyatazama kwa hofu. Mchumia juani hulia kivulini. Walakini si kila aliyekosa alikuwa mvivu, maana mgonjwa na mjane nao hukosa. Ndiyo sababu aliyevuna hawezi kuyafurahia majira hayo kwa dhamiri safi, kama hakumkumbuka jirani asiye na kuni.

Hata ndege wana somo lao. Baridi ikikaribia, mbayuwayu wa Ulaya hukosa wadudu wa kula. Hapo huviacha viota walivyovijenga kwa udongo, huvuka bahari na jangwa la Sahara, na wengi wao hufika mpaka Kongo. Hivyo, miongoni mwa mbayuwayu wanaoonekana Kongo katika Novemba, wakikimbizana juu ya mito na mashamba, wamo waliotoka huko ambako majani yanaanguka. Walioishi mpaka mwaka mpya mara nyingi hurudi katika viota vilevile.

Na mwanadamu je? Mzee mwenye mashamba, nguvu zikimpungua, ana njia mbili. Aweza kuwaita watoto wake mbele ya mashahidi, akawagawia mashamba, akawaonyesha mipaka, kisha akakaa akiwapa shauri. Au aweza kushika kila kitu mkononi mpaka pumzi ya mwisho. Huyo, matanga yake hayajaisha, na watoto wamekwisha kugombana, na mjane wake hana pa kulima. Yule wa kwanza hakupungukiwa na kitu. Kama vile manjano ya jani, hekima iliyokuwamo ndani yake siku zote sasa yaonekana, kwa kuwa nguvu za mikono haziifuniki tena.

Katika Ubelgiji na Ufaransa, tarehe 1 Novemba, majani yakiwa yametapakaa chini, watu huenda makaburini na kuweka maua ya krisantemu, na kesho yake Kanisa huwaombea marehemu wote. Hawaendi kwa sababu wanapenda mauti. Huwakumbuka wale waliowaachia nyumba, mashamba na mafundisho.

Basi si kosa kuyapenda majira hayo. Apendaye kuanguka kwa majani kwa kuwa amechoka na maisha, hakuuelewa mti. Bali ayapendaye kwa kuwa akiba imewekwa, jirani amekumbukwa, na chipukizi liko tayari, huyo ameuelewa. Naye asomaye na ajiulize: mkononi mwake kuna kitu gani kilichokwisha kazi yake, na ni nani anayekingojea?