Nani Ametuma Ujumbe Huu?

Kuna kazi ambazo hazistahili kuliliwa zikiondoka. Kujumlisha mauzo ya siku kwa kalamu, kuhesabu mifuko ya sukari iliyobaki, kunakili upya ukurasa wa daftari uliolowa mafuta ya kula: hizi zikichukuliwa na simu, mwenye duka apumzike. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi tunaoandika makala za kuhoji mashine, wengi wetu hatujawahi kufunga duka saa tatu usiku halafu tukakaa kupiga hesabu. Kwa hiyo siulizi kama teknolojia ni nzuri au mbaya. Nauliza hivi: katika kazi zinazojirudia kila siku, ipi ni kazi ya mkono tu, na ipi ni uamuzi uliojificha ndani ya kazi ya mkono?

Mfano wangu uko Utemini, hapa Manispaa ya Singida, kwenye duka la mama mmoja anayeuza vyakula na vitu vya nyumbani. Wateja wake wanaokopa ni wa aina mbili. Kuna wenye mshahara, ambao mwezi ukiisha wanalipa. Na kuna ambao pesa yao iko shambani. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, na mkulima wa alizeti huanza kuona matunda ya jasho lake kuanzia mwezi wa tano hivi. Kumwambia mtu huyo mwezi wa pili kwamba "siku 30 zimekwisha" ni kumhesabia kwa kalenda isiyo yake.

Mama yule alilijua hilo. Kila jioni binti wa dada yake alifungua daftari la madeni na kumsomea majina, naye alijibu bila hata kuinua kichwa: huyu mkumbushe, huyu muache kwanza, huyu nitaongea naye mwenyewe.

Mwaka jana akaweka programu kwenye simu. Inaandika mauzo, inapunguza bidhaa kwenye stoo, na deni likifikisha siku 30 inatuma meseji yenyewe, saa tatu kamili asubuhi. Madeni yakaanza kulipwa. Hilo nalo tusilifiche: ndani ya miezi miwili alikusanya pesa ambazo alikuwa ameshazikatia tamaa. Maduka mengi madogo hufa kwa madeni ya majirani. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Halafu methali ikatimia kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia. Mteja mmoja alifiwa na mkewe. Mama mwenye duka alikuwa pale msibani tangu alfajiri, akipika na wenzake. Ilipofika saa tatu, simu ya mfiwa ikaita kidogo: anakumbushwa shilingi 46,000, na jina la duka liko chini. Habari ilipomfikia yule mama jikoni, alisema, "Jamani, mimi sijatuma. Ni simu."

Alisema kweli. Lakini jibu lake lilinisumbua niliposimuliwa, kwa sababu meseji ilikuwa na jina lake na deni lilikuwa lake. Hakuna aliyetaka kumuumiza mfiwa. Simu haina ukatili, na mama hakuwa nao. Kilichopotea ni ule muda mfupi wa jioni ambapo jina la mtu husomwa, na anayelisikia analazimika kusema, "Huyu muache." Programu haikuamua vibaya. Iliondoa tu nafasi ambayo uamuzi ungefanyika, na kwa kuwa nafasi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya kazi ya kuchosha, hakuna aliyeona imeondoka.

Wapenzi wa tamthilia watakumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Tumezoea kumwona Shylock kama mtu katili. Msome tena, utaona anachodai mahakamani: hati itekelezwe kama ilivyoandikwa, basi. Portia anamsihi awe na huruma, na hoja yake ni kwamba huruma haiji kwa shuruti. Shylock anakataa, na mwisho anaangushwa kwa kushikwa na maneno yale yale ya hati: nyama chukua, ila damu isidondoke. Lakini hata katika ubaya wake, Shylock yupo. Amesimama mbele ya watu, anaombwa, anakataa kwa mdomo wake. Mbele ya meseji ya saa tatu hakuna wa kuombwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Huruma ya daftari ilikuwa na upendeleo. Waliokuwa wakiachwa ni ndugu, ni wenzake wa kwaya, ni watu wenye ulimi mtamu. Mgeni mjini alikumbushwa mapema. Mashine haina shemeji.

Kuna pia yule binti. Azimio la Arusha la 1967 lilisema maendeleo yanataka juhudi na maarifa, na mfano wake wa maarifa ulikuwa wa kawaida kabisa: kutumia jembe kubwa badala ya dogo, au plau ya ng'ombe badala ya jembe la mkono. Azimio hilo hilo lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, huku wanaume wa vijijini wakiwa kama wako likizo nusu ya maisha yao. Hapo kuna onyo kwetu. Ni rahisi kusifu uzuri wa kazi inayojirudia kama anayeirudia ni mtu mwingine. Binti anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, na sasa jioni zake ni zake. Siwezi kumrudisha kwenye daftari ili mimi nipate mfano mzuri wa utu.

Basi tusirudishe daftari, tugawe kazi. Programu ihesabu, ipange majina, hata iandike ujumbe. Ila isitume mpaka mtu asome jina na kukubali. Majina kumi na tano ni dakika tano. Mama yule amefanya karibu na hivyo: amezima meseji za kujituma, na wateja wa shambani amewawekea tarehe ya baada ya mavuno.

Utaniambia, akifikisha wateja 300 je? Atabonyeza "tuma" kwa wote bila kusoma. Inawezekana. Siku hiyo biashara yake itakuwa imeshakuwa kubwa kuliko ujirani, na si dhambi. Ila awaambie wateja wazi kabla hawajakopa: hapa ni siku 30, hakuna kusubiri alizeti. Sharti gumu lililotangazwa lina heshima kuliko ujirani wa mdomoni ambao simu inauvunja kimyakimya.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ile mikopo watu wanayoiita kausha damu tumeilaani, na sawa. Lakini sheria haitafika kwenye kila duka la mtaani, na wala haihitajiki kufika. Kinachohitajika pale ni mwenye duka kuweza kusema, mbele ya mteja yeyote na siku yoyote, "Ndiyo, ni mimi nimetuma." Ujumbe asioweza kuusemea hivyo, auache.