Motisha bila vitabu

Shule ikifelisha au kampuni ikizorota, ushauri wa haraka huwa ni huu: wekeni motisha, atakayefikisha lengo apate bonasi. Ndani ya ushauri huo mna shutuma, kwamba aliyeshindwa alikuwa na uwezo ila hakutaka kujituma. Shutuma hiyo imewahi kupimwa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulizigawa katika makundi, kwa bahati nasibu, shule za msingi 350 katika wilaya 10. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwingine walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lao. Kundi moja lilipata vyote viwili, na jingine halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama; wazazi nao, shule zilipopata fedha, walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe kwa elimu ya watoto. Motisha peke yake ilizaa matunda hafifu. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, kupita hata jumla ya kilicholetwa na kila kimoja kikiwa peke yake.

Watakuwapo wa kusema kwamba ualimu ni wito na fedha huuchafua. Hawakosi ushahidi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watoto wapenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye, cheti kilipoondolewa, hamu yao ilipungua. Lakini watoto wale walikuwa wakicheza. Mwalimu ana kodi ya nyumba na ada za wanawe, na neno wito (tuseme kweli) hupendwa zaidi na wenye kuchelewesha stahiki zake. Upande wa pili wapo wanaoona kiasi cha motisha ndicho kilichokuwa kidogo, na kwamba fedha nene zingetosha bila ruzuku. Sikubaliani nao. Mwalimu mwenye watoto themanini na vitabu vichache hafundishi vizuri zaidi kwa kuongezewa ahadi; anachoweza kuongeza ni kukaririsha majibu ya mtihani, tena kwa wale walio karibu kufaulu, na walio nyuma kabisa wakaachwa walipo.

Kwa hiyo afisa elimu au meneja anayetaka kutangaza bonasi mwaka huu, kwanza aulize wafanyakazi wake wanakosa nini, akilete, ndipo aweke ahadi yake mezani.