Shoka na Tunda la Mti

Neno la kutafakari mwezi huu limo katika Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Hapo Waisraeli waagizwa kwamba, hata wakiuzingira mji siku nyingi, wasiipige shoka miti izaayo chakula. Mti usiozaa chakula ndio wawezao kuukata. Tazameni, Mungu hakulikataza shoka, bali aliliwekea mpaka, wala vita haikuwa udhuru wa kuuvuka.

Labda mtu atasema kwamba miti ya msituni haizai chakula, basi na ikatwe. Ngoja, ndugu. Katika milima ya Usambara ya Mashariki msitu hunasa ukungu, na kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mto Zigi hutoka huko, na mji wa Tanga hupata maji yake. Tunda la mti ule ni maji, nao walinywao wengi wao hawajauona mti wenyewe.

Imekuwaje basi msitu ule ukapungua? Si kwa kosa la mkulima mdogo peke yake. Katika miaka ya 1890 wenye mashamba wa Kijerumani waliufyeka wapate kupanda kahawa. Waliona miti mirefu, wakadhani ardhi ina rutuba nyingi. Kumbe rutuba yake hutoka katika majani yaangukayo na kuoza, na miti ikiisha, rutuba nayo yaisha upesi. Kahawa ikadhoofika. Baadaye yakaja mashamba ya chai; na katika miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ilikatwa kwa mashine ipate kuwa mbao, kwa idhini ya Serikali.

Iliki nayo ikaenea. Mmea huu hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima huiacha miti mikubwa, akafyeka iliyo chini yake. Kwa macho msitu wasimama bado. Lakini miche imekwisha, na mti mzee ukianguka hauna mrithi. Baada ya miaka kadhaa mazao ya iliki hupungua, naye mkulima huangusha miti iliyosalia apande mahindi na mihogo.

Siyasemi haya kama mtu asiye na deni. Baba yangu alilima iliki chini ya miti ile, na kwa fedha yake nililipiwa ada ya shule. Bei ilikuwa nzuri, wala hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Siwezi kumhukumu. Lakini kijito nilichotumwa kuchota maji utotoni, sasa hukauka kila kiangazi, na watoto wa ndugu zangu huenda mbali na ndoo zao. Ada yangu wanailipa wao.

Mwaka 1997 Serikali iliweka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, nasi twashukuru. Hata hivyo yanipasa kusema maneno mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka. Torati iyo hiyo (24:15) yaagiza maskini alipwe ujira wake kabla jua halijachwa. Basi amwondoaye mkulima msituni na ampe haki yake upesi, tena amwonyeshe riziki nyingine. La sivyo mpaka utalindwa mchana na kuvunjwa usiku.

La pili ni letu. Tusijifiche nyuma ya wakubwa. Iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini vyaweza kukua pamoja na miti katika mashamba yetu wenyewe, nje ya mpaka wa hifadhi. Afyekaye chini ya iliki na aache miche ya kurithi iliyo mizee. Nanyi wazee wa kanisa, ulizaneni katika kikao chenu: shamba la usharika lina miti mingapi, na nani aliipanda?

Kila siku twamwomba Baba riziki ya leo. Tusiipokee kwa mkono mmoja, huku kwa mwingine twaila riziki ya watoto wetu. Bwana atujalie kulishika shoka kwa kumcha yeye. Amina.