Jicho Linaloona Kabla ya Medali



Vijana wenzangu, ukisimama pale Soni asubuhi utawaona watoto wakipanda mlima mbio kuwahi kengele ya shule. Wengi wetu tunaona watoto waliochelewa, basi. Ila kuna mtu angesimama pale akaona kitu kingine kabisa.

Mwaka 1976, Colm O'Connell, bruda wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, alitoka Ireland akaja Iten, kwa jirani zetu Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa amesomea ukocha. Alikaa kando ya uwanja akawatazama wanafunzi wanavyokimbia, akawasikiliza, akajifunza kwao. Mwaka 1988 mmoja wa vijana wa shule ile, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Seoul akiwa na miaka 21. Baadaye akaja David Rudisha, kijana aliyekuwa akijaribu michezo mbalimbali. Bruda akamwelekeza kwenye mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, Rudisha alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Sokrate, ambaye mama yake alikuwa mkunga, alisema kazi yake ni hiyohiyo: kuwasaidia watu wazae fikra zilizomo ndani yao. Mkunga hazai yeye, wala mtoto si wake. Bruda Colm hakuweka mbio miguuni mwa mtu. Alizikuta, akazisaidia zitoke.

Sasa tuulizane kwa ukweli: wale wasiochaguliwa je? Maelfu walipita Iten na hawakupata medali yoyote. Na hapa Lushoto yupo dada anayeshuka na tenga la karoti kila siku ya soko, yupo kaka aliyepata sifuri kidato cha nne, sasa anaendesha bodaboda kati ya Soni na Mombo. Anajiambia, "Mimi hakuna anayeniona."

Ndugu yangu, rudi kwenye Injili ya Yohane. Natanaeli alikuwa amekaa chini ya mtini kabla Filipo hajamwita, na Yesu alikuwa ameshamwona. Hakuwa ameshinda chochote. Hapo ndipo Mungu anapotofautiana na mtafuta vipaji, hata aliye bora kabisa. Mtafuta vipaji huona utakachoweza kufanya. Mungu anakuona wewe, ushinde usishinde. Na tukumbuke, yule bruda aliwafundisha jiografia hata wale ambao hawakuweza kukimbia.

Lakini angalia: Natanaeli hakufika kwa Yesu peke yake. Filipo alimfuata. Kwa hiyo wiki hii, kwenye jumuiya yako au VIWAWA, mtafute mmoja ambaye hakuna anayemtazama. Mwambie jambo moja jema uliloliona kwake, la kweli, siyo la kumpamba. Halafu mpe nafasi: asome somo, aongoze wimbo, ashike hesabu. Akifanikiwa, usijidai kwamba ni wako. Asipofanikiwa, usimwache.

Ee Bwana, uliyetuona kabla hatujaitwa, utupe macho yako. Mtakatifu Filipo mtume, utuombee. Amina.