Taa Haisemi Nani

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii nimeilea tangu utotoni, nimeitia katika mashairi yangu, na barazani nimeitolea ushahidi mara nyingi. Leo nina shaka nayo. Shaka hiyo haikunijia kwa kusoma vitabu vya hekima. Ilinijia Nachingwea, mkoani Lindi, mbele ya taa ndogo iliyokuwa ikipepesa ndani ya lori kuukuu.

Ilikuwa msimu wa ufuta, mwaka 2019. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Shemeji yangu alikuwa na lori dogo la Toyota la miaka ya 1990, la petroli, ambalo msimu ule lilikuwa likibeba magunia kutoka vijiji vya Ruangwa kuyapeleka ghalani yakangoje mnada wa Runali, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Asubuhi moja, baada ya lori kulala Ruangwa, lilikataa kuwaka. Lilipokubali hatimaye, liliunguruma kwa taabu, na ile taa yenye picha ya injini ikabaki imewaka.

Magari ya rika lile hayahitaji chombo cha kisasa ili yaeleze maradhi yao. Chini ya boneti mna kisanduku kidogo chenye kifuniko. Ukiunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa huanza kupepesa kwa hesabu. Yetu ilipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mara mbili tena. Ishirini na mbili.

Kijitabu cha tarakimu kilikuwa cha Kiingereza, na mimi ndimi niliyeitwa mfasiri. Lugha hiyo sikufunzwa na mtu. Niliiokota katika kamusi na magazeti makuukuu, na kwa hiyo kila ninapoombwa kuisoma hunijia fahari kidogo. Kijitabu kilisema kwamba namba 22 ni ishara ya kihisio cha joto la maji. Nami nikamwambia shemeji, kwa sauti ya mjuzi: "Kihisio cha joto kimeharibika." Neno "kimeharibika" halikuwamo kitabuni. Nililitia mimi, kama mtunzi anayejaziliza mizani.

Neno lile likazaa jingine. Shemeji alikumbuka kuwa utingo wake, kijana wa Ruangwa, ndiye aliyelala na gari usiku ule. Basi kijana amechomoa kihisio kizima akakiuza, akapachika kibovu! Akafukuzwa siku ile ile bila ujira wa wiki mbili. Alipotaka kujitetea alinitazama mimi, mgeni mwenye mvi, akasema: "Mzee wangu, hiyo taa imenitaja mimi?" Nilinyamaza.

Kihisio kipya kikanunuliwa, kikafungwa. Taa ikawaka tena. Mbili, na mbili. Ndipo akaitwa fundi mmoja mkongwe wa pale mjini, ambaye hakutazama kijitabu. Aliushika waya wa kihisio akaufuata kwa vidole, shubiri kwa shubiri, mpaka mahali uliposuguana na chuma kwa mitikisiko ya barabara. Ganda lilikuwa zima, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Akauunga, akaufunga utepe, akasema bila kutuangalia: "Taa haisemi nani. Inasema wapi pa kuanzia kutafuta."

Tangu siku hiyo nimelitafakari neno la Kiingereza "fault". Kwao neno hilo moja hubeba mizigo miwili: kasoro ya kitu na lawama ya mtu. Kiswahili kimetujaalia kutenganisha. Tuna kosa na hatia kwa watu, na kwa mitambo tuna hitilafu. Nayo hitilafu, asili yake ya Kiarabu, ni kutofautiana. Ndiyo maana watu wawili wasiokubaliana husemwa wamehitilafiana. Waama, namba 22 haikuwa na maana zaidi ya hiyo. Kihisio kile hupitisha umeme kwa ugumu au kwa wepesi kufuatana na joto: katika nyuzi 20 upinzani wake huwa baina ya omu 2,000 na 3,000, na katika nyuzi 80 hushuka hadi baina ya 200 na 400. Waya ukikatika, kompyuta ya injini hupokea habari ya baridi isiyoweza kuwapo, si Nachingwea tu bali popote duniani penye gari linalokwenda. Basi hupepesa kusema: niliyotarajia na niliyoletewa yamehitilafiana. Haijui kama mwongo ni kihisio, waya au kiungo. Nasi tuliitafsiri hitilafu kuwa hatia.

La kuaibisha zaidi nililijua baadaye. Injini nyingi za aina hiyo, zinapomshuku shahidi wa joto, haziko tayari kusimama wala kuamini ubaya. Humweka kando shahidi, zikachukulia kwamba maji yana joto la kawaida la injini iliyokwisha kupata moto, takriban nyuzi 80, na kuendelea na safari huku taa ikiwaka ili mwenye gari atafute. Asubuhi huwaka kwa taabu, kwani dhana hiyo haiafiki injini iliyolala, lakini hufika. Wazee wetu tabia hiyo waliiita dhana njema. Yupo atakayesema kuwa mfanyabiashara mwenye dhana njema kwa kila mtu atafilisika, na shemeji yangu alikwisha kuibiwa kabla ya hapo. Ni kweli. Lakini dhana njema si usingizi. Taa huachwa imewaka na utafutaji huendelea. Kinachoahirishwa ni hukumu.

Ardhi ya Nachingwea yenyewe ilikwisha kusomwa vibaya. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza uliizunguka Tanganyika kwa wiki chache, mara nyingi ukiitazama kutoka angani, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliokusudia ekari zaidi ya milioni 3. Kufikia mwaka 1951 ulikuwa umeachwa. Waliosoma tarakimu hawakuufuata waya kwa vidole.

Tarakimu ya lori hufutika kwa wepesi: fundi alichomoa fyuzi ya mfumo wa mafuta kwa muda mfupi, akairudisha, na kumbukumbu ikatoweka. Kijana hakuwa na fyuzi ya kuchomoa. Ruangwa walikwisha kusema kuwa yeye ni mwizi wa vipuri, na lisemwalo lipo. Shemeji aliona kuwa gari limepona na yamekwisha. Nilimwomba ule ujira, akanipa, nikapanda gari la abiria kwenda Ruangwa. Nilimkuta akipakia magunia kwenye lori la mtu mwingine, kwa malipo ya siku. Nikamwambia kwamba waya ndio uliokatika, na kwamba neno "kimeharibika" lilikuwa langu, si la taa.

Alizihesabu fedha polepole. Kisha akasema: "Basi waambie na hawa, mzee," akanionyesha wapakizi wenziwe waliokuwa wamekaa kivulini.

Nikaenda, nikawaambia. Katika tafsiri zangu zote, hiyo ndiyo niliyoisahihisha hadharani.