Ahadi ni Deni, Hata kwa Paka

Kwetu Mulanda, wilayani Tororo, mnyama mwenye heshima ni ng'ombe. Ng'ombe hutoa mahari, hukokota jembe, na huuzwa karo inapodaiwa. Kwa miaka mingi Tororo ilikuwa na kituo cha utafiti wa magonjwa yanayoenezwa na mbung'o, kwa sababu ng'ombe akifa kila mtu huona hasara. Paka akifa hutupwa nyuma ya migomba na siku huendelea. Katika insha hii ninataka kuuliza swali kuhusu paka, nikiamini kwamba jibu lake linatuhusu hata sisi wenyewe.

Bibi yangu alikuwa na paka dume wa kijivu, asiye na jina. Kazi yake ilikuwa kulinda wimbi na njugu dhidi ya panya. Likizo moja nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko, anajikamua bila kutoa hata tone la mkojo. Tumbo lake lilikuwa gumu, na nilipomgusa alilia. Dume la paka lina njia nyembamba sana ya mkojo. Mchanga na ute vikijikusanya humo, njia huziba. Baada ya siku mbili au tatu sumu iliyopaswa kutoka hubaki kwenye damu, potasiamu hupanda, na moyo husimama.

Nilimtia kwenye kikapu, nikapanda bodaboda hadi mjini. Daktari wa mifugo alimtia usingizi, akapitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, na mkojo wenye damu ukatoka. Aliushona mpira usichomoke, kisha akaniambia, "Kijana, baada ya siku tatu umrudishe niutoe. Utarudi?" Nikajibu, "Nitarudi, daktari." Nilijibu hivyo nikijua kwamba fedha niliyokuwa nayo haitoshi safari ya pili.

Tulipofika nyumbani Bibi alimtazama paka, akatazama mpira, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huo mpira nani atautoa?" Sikumjibu. Siku ya tatu sikuwa na nauli. Siku ya nne mvua ilinyesha. Siku ya sita mkojo ulikuwa mzito na wenye harufu, kisha ukakoma. Mchanga ulikuwa umeuziba mpira wenyewe. Siku ya saba nilikopa fedha kwa jirani, tukaondoka asubuhi. Paka alifia njiani.

Swali langu basi ni hili: je, ni haki kumwekea kifaa mwilini kiumbe asiyeweza kukubali wala kukataa, ikiwa hatuna hakika ya kukihudumia kifaa hicho? Jibu langu ni kwamba anayeweka kifaa ameweka ahadi. Asiyeweza kuitimiza hana haki ya kuanza, hata kama alichokuwa nacho moyoni ni huruma.

Mpira wa siku tatu ni jambo dogo. Katika nchi zenye hospitali kubwa za wanyama, paka huwekewa vipandikizi vya kudumu. Ureta ya paka, yaani mrija unaotoa mkojo kwenye figo na kuupeleka kwenye kibofu, ina tundu lisilofikia nusu milimita. Kijiwe kidogo mno cha kalsiamu oksaleti chatosha kuiziba na kuiua figo. Wapo madaktari wanaoingiza stenti ndani ya ureta ili ibaki wazi. Wengine huacha ureta ilivyo na kujenga njia ya pembeni: mrija mmoja huingizwa kwenye figo, mwingine kwenye kibofu, na miwili hiyo hukutana kwenye kidude kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Kupitia kidude hicho daktari huingiza sindano na kuisafisha mirija.

Upasuaji huu umeokoa paka wengi. Lakini vifaa hivyo vina matatizo yake. Mirija hukunjika au kuvuja. Damu huganda ndani yake. Vijidudu hujishikiza kwenye kifaa na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi. Stenti inaweza kukikera kibofu, paka akawa anakojoa mara kwa mara na kwa maumivu. Tena mwili uleule uliotengeneza kijiwe kwenye ureta huweza kutengeneza kingine ndani ya kifaa. Madaktari wa Animal Medical Center ya New York walieleza habari za paka 134 waliowekewa njia ya pembeni kati ya 2009 na 2015. Wengi mno waliondoka hospitalini wakiwa hai, lakini takriban kifaa kimoja kati ya vinne kilikuja kuingiwa na chumvi za madini. Kwa sababu hiyo mwenye paka huambiwa amrudishe kila baada ya miezi michache, kwa muda wote ambao paka ataishi, ili mirija ipimwe na kusafishwa.

Matatizo haya hayaonyeshi kwamba madaktari walikosea. Ni sehemu ya tiba yenyewe. Kifaa hakiondoi ugonjwa. Kinaupitia kando, na mtu hupewa kazi ya kuilinda njia hiyo. Upasuaji huchukua saa chache, lakini ulinzi huchukua miaka. Kwa hiyo anayeuliza tu, "Je, anaweza kupasuliwa?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ndiyo ile ya Bibi.

Wanafalsafa wamebishana sana kuhusu wanyama. Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu wa kupitia kwa binadamu: anayezoea kumtesa mbwa atakuja kumtesa mtu. Bentham, katika kitabu kilichotoka 1789, aliona kwamba jambo la kupima si kama mnyama ana akili au lugha, bali kama anaweza kuumia. Ninakubaliana zaidi na Bentham, lakini hesabu ya maumivu peke yake hainitoshi. Paka wangu angekufa kwa maumivu hata kama nisingemgusa. Kwa nini basi ninaona nilimkosea?

Naona msaada katika hadithi ya Mtume inayojulikana sana miongoni mwa Waswahili, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Njaa ya paka wa mwituni haikuwa juu ya mwanamke yule. Kilichomtia hatiani ni kamba. Alipomfunga, alichukua mikononi mwake riziki ya paka, kisha hakuitoa. Mpira niliomwekea paka wa Bibi ulikuwa kamba ya namna hiyo. Kabla yake, paka alikuwa mgonjwa. Baada yake, alikuwa mgonjwa anayenitegemea mimi, siku ya tatu, mahali fulani, kwa nauli fulani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya anasa. Katika vijiji vyetu wapo watu wanaohitaji kusafishwa damu kwa mashine na hawapati. Paka ni nani? Hoja hii ina uzito, nami sidai kwamba paka apewe fedha ya dawa ya mtoto. Lakini ahadi haipimwi kwa ukubwa wa anayeahidiwa. Wazee wetu wanaotoka hospitali na mpira wa mkojo nao huambiwa warudi baada ya wiki kadhaa, nao pia hukwama kwa nauli. Tofauti ni kwamba mzee anaweza kusema, "Wanangu, pananiuma hapa." Paka huficha maumivu yake mpaka yamemshinda. Asiyeweza kudai deni lake anahitaji mdeni mwaminifu zaidi.

Wengine watasema kwamba nimewafungia maskini mlango wa huruma: mwenye fedha ataokoa, asiye nayo atazame tu. Hoja hii inaniuma zaidi, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Hata hivyo, mtu hadaiwi asichokiweza. Maskini hadaiwi upasuaji. Anadaiwa kusema ukweli kuhusu uwezo wake, na ukweli huo hufungua milango mingine. Lau ningemwambia daktari, "Sina nauli ya kurudi," huenda tungepanga namna nyingine: nimwache paka pale, nikope mapema, au paka apewe sindano ya kumpumzisha bila mateso. Nilipojibu "Nitarudi", niliifunga milango yote hiyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Jibu si zuri. Siku ile nilitaka niondoke mjini nikiwa mtu aliyemwokoa paka. Mpira ule ulimpa paka siku tano, na ulinipa mimi nafuu ya kutomwona akifa mbele yangu siku hiyo. Nadhani hatari hii ipo hata kwa vipandikizi vya kudumu, katika hospitali bora kuliko zote: kifaa kinaweza kuwekwa ili kutuliza moyo wa mwenye paka, huku mwili wa paka ukilipa gharama. Simaanishi kwamba visiwekwe. Namaanisha kwamba kabla ya kisu, daktari na mwenye mnyama wakae waulizane kuhusu mwaka ujao kwa uwazi uleule wanaoulizana kuhusu leo.

Bibi sasa ana paka mwingine, jike, mkali kuliko yule. Hajaugua. Likizo iliyopita nilimwomba Bibi anisamehe kwa habari ya yule wa kwanza. Alikuwa akipepeta njugu, hakuinua macho. Alisema, "Mimi hukuniahidi kitu. Ulimwahidi daktari na paka."