Aliyerudi na Asiyerudi



Wengi wenu mlikuwa nyumbani kwetu ile Jumamosi mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali. Mnajua alikaa huko siku 41, akawekewa vyuma kwenye nyonga na mguu wa kulia. Mlichanga, mlikesha, mlifunga. Alipoingia langoni kwenye kiti cha magurudumu, akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikashika maikrofoni nikasema, "Mungu amemrudisha kwa sababu kanisa hili linajua kuomba!" Mkaitikia amina. Hata mimi nilijiitikia.

Hilo neno "kwa sababu" limeninyima usingizi.

Mnakumbuka kwamba kwa ile boda boda walikuwa wawili. Kijana aliyekuwa akiendesha hakufika hospitali. Mama yake anaishi ploti ya tatu kutoka kwetu, na siku hiyo spika zetu zilielekea upande wake.

Usiku, wageni walipoondoka, nilimsaidia mdogo wangu kupanda kitandani. Akaniuliza, "Mbona ulisema vile?" Nikamuuliza, "Vile vipi?" Akasema, "Tulikuwa mtaroni wote wawili. Mimi nilikuwa napiga kelele tu. Aliyekuwa anaomba ni yeye."

Nilizima taa nikatoka. Sikuwa na jibu.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma. Huko tulifundishwa kwamba pesa ikiingia, lazima ionekane imetoka wapi. Lazima kuna risiti mahali. Ni kanuni nzuri ya kuendesha duka, lakini naona nimeibeba hadi madhabahuni. Nikiona baraka naitafutia risiti: ni lile kesha, ni ile sadaka, ni ule mfungo. Shida ni kwamba kitabu cha hesabu kina pande mbili. Nikiandika upande huu kwamba aliyepona alipona kwa sababu tuliomba, basi upande wa pili nimeandika kwamba aliyekufa alipungukiwa na maombi. Sikukusudia, lakini nimeandika. Na kuna mama aliyesoma.

Tunapenda kuhubiri Matendo 12 tukianzia pale malaika anamtoa Petro gerezani. Tuanzie juu kidogo. Sura hiyo hiyo inafunguka na Yakobo, ndugu yake Yohana, akiuawa kwa upanga kwa amri ya Herode. Kanisa ni lile lile, na mfalme ni yule yule. Hatuambiwi kwamba Yakobo hakuombewa. Wala hatuambiwi kwamba Petro alikuwa na imani kubwa zaidi. Malaika alimkuta amelala. Hata wale waliokuwa wakimwombea, Roda alipowaambia Petro yuko mlangoni, walidhani ana wazimu. Sasa hapo risiti iko wapi?

Halafu soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Yesu alikataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akawageukia waliobaki hai akawaambia wao ndio watubu.

Najua kuna atakayeniuliza, "Pasta, basi tusiombe? Tusitoe ushuhuda?" Hapana. Mimi nitaomba hadi nife. Na kutoshukuru ni kosa: wakoma waliotakaswa walikuwa 10, akarudi mmoja, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Lakini anayeshukuru kwa moyo ni yule aliyepewa zawadi. Aliyelipwa mshahara huhesabu tu kama umefika wote. Mimi niliposema "kwa sababu," nilichukua zawadi ya Mungu nikaifanya mshahara wetu.

Jumatano mdogo wangu akasema, "Nipeleke kwa yule mama." Nikasukuma kiti. Njiani niliona aibu. Kwa zile siku 41 nilikuwa nimeenda hospitali karibu kila siku, lakini kwa yule mama nilienda mara moja tu, wakati wa matanga, nikaacha bahasha.

Alitukaribisha chai. Akaniambia, "Nilisikia mkiimba. Nilifurahi amerudi, Pasta, usifikirie vingine. Lakini nilifunga dirisha."

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, alisema nini?"

Mdogo wangu akamwambia, "Aliomba, mama. Alikutaja." Yule mama akajifunika uso kwa leso, akalia kwa muda mrefu. Baadaye akapangusa macho, akamwambia amalize chai isipoe.

Pale pale nilijaribiwa kusema, "Ndiyo maana Mungu alimwacha hai, ili akuletee ujumbe huu." Nikanyamaza. Hiyo ingekuwa risiti nyingine. Kwani angepewa nafasi ya kuchagua kati ya ujumbe na mtoto wake, angechagua nini?

Sijui kwa nini mmoja alirudi na mwingine hakurudi. Nimeacha kujifanya najua. Ninachojua ni kwamba shukrani haikukusudiwa kujibu swali hilo. Shukrani inaniuliza swali langu mimi: wewe uliyerudishiwa wako, umemwendea nani ambaye wake hakurudi?

Hapa Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka. Mtu akisimama mbele yetu kushuhudia jinsi alivyotoka ajalini akiwa hai, huenda kwa viti kuna mjane, au baba aliyezika. Toa ushuhuda wako. Sema, "Mungu amenitendea, nami namshukuru," kisha uishie hapo. Usiongeze "kwa sababu." Na ibada ikiisha, mtafute yule aliyefunga dirisha. Usiende kumfafanulia Mungu. Nenda ukae naye.

Yule mama ameniruhusu niandike haya. Bili ya mdogo wangu imelipwa, asanteni. Kijana yule ameacha mtoto wa gredi ya pili, ambaye sasa analelewa na nyanya yake. Jumapili kikapu kitakuwa mlangoni. Mimi nitaanza, maana nimechelewa.